Nyumbani au shule ya serikali? Mwongozo kwa wazazi Wakristo wa Arusha na Moshi

Tangazo la kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza likishabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, simu yangu hapa Sakina, Arusha, huanza kuita. Anayepiga ni mama mwenzangu wa kwaya, au wifi yake, au mtu wa Moshi aliyepewa namba na wifi yake. Anasalimia watoto wote, mifugo yote, halafu ndipo anauliza: "Wewe si ndiye uliyemfundisha wa kwanza nyumbani, wa pili ukampeleka serikali? Sisi tufanyeje?"

Maelezo yangu yamekuwa marefu kuliko salio la mtu, kwa hiyo nimeyaandika. Ninakoegemea nakuambia mapema usije ukahisi nimekuzunguka: kwa familia nyingi za huku, shule ya serikali ya kutwa, pamoja na nyumba inayofundisha kweli kuanzia saa kumi jioni, ni njia nzuri kuliko hizo mbili tunazogombania baada ya ibada, nyumbani peke yake au shule peke yake. Zipo nyumba ambazo jibu lao ni tofauti. Hatua hizi zitakusaidia kujua kama yako ni mojawapo.

Ninaposema shule ya nyumbani namaanisha mzazi ndiye mwalimu na meza ya sebuleni ndiyo darasa. Tyusheni ya jioni haimo. Wala haimo ile nyumba ya kupanga ambapo dada mmoja wa kanisani amekusanya watoto ishirini wa majirani. Hiyo ni shule, na shule husajiliwa.

Hatua ya 1: Hofu yenu iandikwe

Chukueni karatasi mbili. Baba aandike yake, mama aandike yake, bila kuchunguliana: ni kitu gani hasa kinachokutisha kuhusu shule ya serikali? Kitu kimoja tu.

Sisi tulibishana miezi mitatu kabla ya kufanya hivyo. Tulipofunua karatasi, yangu ilisema "matusi na tabia". Ya mume wangu ilisema "Kiingereza". Miezi mitatu tulikuwa tunajibizana juu ya mambo mawili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ni mbishi.

Hofu ya lugha ndiyo inayowahamisha wengi, na ina msingi. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza mtoto anakutana na Biolojia kwa Kiingereza. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini somo moja haliwezi kubeba mzigo wote. Hata hivyo hofu hii inatibika kwa nusu saa ya kusoma Kiingereza kwa sauti kila jioni. Huhitaji kumtoa mtoto shule kwa ajili hiyo.

Hofu ya viboko: uliza shule yenyewe. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Mwulize mwalimu mkuu kwa upole kama unaweza kuliona hilo daftari. Usoni mwake utasoma mengi kabla hata daftari halijafika.

Hofu ya bweni imepungua. Tangu mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo lile shinikizo la "mpeleke bweni la kanisa akiwa na miaka sita ndiyo atashika dini" halina tena pa kusimama. Mimi nilifurahi. Mtoto wa miaka sita akilia usiku anamtaka mama yake, hata kama matroni ni mtu wa maombi.

Halafu kuna hofu ya imani, na hapa nitakaa kidogo.

Nimesikia mhubiri akiita shule za serikali "shule za dunia". Bibi wa wanangu, mzaliwa wa Machame, alicheka aliposimuliwa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema mwaka 1891, na popote walipojenga kanisa walijenga darasa. Bibi alisoma kwenye darasa la namna hiyo. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule nyingi za makanisa, na hiyo ya kwao ikawa mojawapo. "Madawati yaleyale, kengele ileile," anasema Bibi. "Kilichoondoka ni sisi."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu nafasi ya dini haijaondolewa. Ratiba ya shule ya serikali ina kipindi cha dini, na mwalimu wa kipindi hicho anatakiwa aletwe na dhehebu lenyewe. Mwaka wa kwanza wa binti yangu shuleni nilikuta watoto wa Kikristo wa darasa lake wanakaa chini ya mti bila mtu, wiki baada ya wiki. Nikaandaa hotuba kali ya kumpa mwalimu mkuu. Akanijibu taratibu: "Mama, tumewaandikia watu wa kanisani mara mbili. Hakuna aliyekuja." Usharika ulikuwa wangu. Nilikuwa mjumbe wa kamati.

Kwa hiyo kama karatasi yako inasema "imani", kabla ya kununua vitabu vya kufundishia nyumbani uliza kama wewe, au mzee mmoja wa kanisa, mnaweza kusimama mbele ya darasa hilo mara moja kwa wiki.

Hatua ya 2: Anza na mtihani wa mwisho, rudi nyuma

Wengi wanapanga darasa la kwanza na kuacha mengine kwa Mungu. Panga kidato cha nne kwanza. Mtoto atakaa chumba gani cha mtihani, na nani atamsajili?

Njia ya kawaida ni ya Baraza la Mitihani, NECTA: upimaji wa darasa la nne, mtihani wa kumaliza msingi, upimaji wa kidato cha pili, mtihani wa kidato cha nne. Kwenye msingi anayesajili watahiniwa ni shule. Kila mwanafunzi ana namba yake ya PREM inayomfuata akihama na inayotumika kumsajili. Mtoto asiye kwenye daftari la shule yoyote hana namba, na hana wa kumsajili. Wazazi hawaambiwi hili mapema, wanaligundua mtoto akiwa na miaka kumi.

Njia ya pili ni mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekosa sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, akafaulu, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hii imewainua watu wazima wengi na wasichana waliokatishwa masomo. Kumpangia mtoto wa miaka saba njia hii tangu mwanzo, wakati shule ipo mtaa wa pili, siioni kuwa busara.

Ya tatu ni Cambridge, mitihani ya kutoka Uingereza. Mtoto anasoma nyumbani kwa mtaala wao, anafanya IGCSE, mtihani wao wa ngazi ya kidato cha nne, kwenye kituo kinachokubali watahiniwa wa nje. Arusha na Moshi zina shule za kimataifa, lakini si kila shule inapokea mtoto wa nje. Uliza kwa maandishi, miaka miwili kabla, na uliza masomo gani. Sayansi ndiyo inayokwamisha: kituo hakipendi kumwingiza maabara mtoto kisiyemjua, kwa hiyo watahiniwa wa nyumbani huchukua karatasi inayoitwa mbadala wa vitendo, ambayo inajibiwa kwa kalamu. Mitihani ni Mei hadi Juni na Oktoba hadi Novemba, na usajili unafungwa miezi kadhaa kabla. Ada yake inauma.

Ya nne ni mitaala ya Kikristo kutoka Marekani. Unaoonekana sana ni ule wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970: vijitabu kumi na viwili kwa kila somo kwa mwaka, mtoto anasoma mwenyewe, anajisahihisha, anafanya jaribio la mwisho, na asipofikisha asilimia themanini anarudia. Sisi tulianza na hivi. Tulivinunua kutoka kwa familia ya wamisionari waliokuwa wanarudi kwao, boksi zima, na vingine vilikuwa na majibu ya penseli ya mtoto wao.

Nitavisifu kwanza. Mwanangu alijifunza kukaa na kazi yake bila kusukumwa, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini siku moja nilimtuma dukani na noti ya shilingi elfu mbili, akarudi amenyong'onyea kwa sababu hakujua chenji ni sahihi au sivyo. Sarafu za Marekani alizijua zote kwa majina, na inchi zote za futi. Butiama alikuwa hajawahi kuisikia.

Ukienda njia ya tatu au ya nne, cheti cha nje hulinganishwa na cha hapa na NECTA kabla vyuo vyetu havijakipokea. Waulize NECTA wenyewe kama cheti unachokitaka kinalinganishwa. Jibu la muuza vitabu usilitegemee.

Hatua ya 3: Sheria na ofisi ya kata

Watu wanapenda kuiruka hatua hii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka saba na hajafikisha kumi na mitatu aandikishwe shule ya msingi, na inamtwika mzazi jukumu la kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, imesogeza mbele zaidi: elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kipengele cha baba na mama kujisajili kama shule ya nyumbani hakimo.

Vitabu na video nyingi zinazotuvutia zinatoka Marekani, ambako shule ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote 50. Ushauri wao wa malezi unasafiri, wa sheria hausafiri. Ujerumani, walikotoka wale wamisionari wa Machame, kwa kawaida hairuhusiwi, na Wakristo wapo.

Kwetu mtendaji wa kata alikuja Februari, saa tano asubuhi, amefuatana na mjumbe. Mwanangu alikuwa barazani anajumlisha kwa maharage. Nilimkaribisha chai. Akamtazama mtoto, akatazama maharage, akasema, "Mama, mtoto anasoma, naona. Lakini kwenye karatasi yangu mtoto huyu hayupo." Hakutufokea. Alitupa muda, akatuelekeza kwa Ofisa Elimu Kata, na tulitoka pale tukiwa tumeelewa kwamba tulianza kinyumenyume.

Wewe anza kwa Ofisa huyo. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha RITA, eleza mpango wako na sababu, hasa kama ni ugonjwa, ulemavu au familia inayohamahama kikazi, na umwombe ushauri wake kwa maandishi. Kwa mtoto wa Kitanzania wa umri wa lazima, mahali salama pa shule ya nyumbani ni hapa: miaka ya kabla ya awali, mchana baada ya shule, likizo zote, na mpango wa kimataifa ambapo mtoto yuko kwenye daftari la shule iliyosajiliwa. Nje ya hapo unabishana na sheria, na anayelipa gharama ya ubishi huo ni mtoto.

Hatua ya 4: Nenda ukaione shule kwa macho

Wengi wanaihukumu shule ya serikali kwa ile waliyosoma wao mwaka 1995. Nenda mara mbili: siku ya kawaida saa nne asubuhi, na siku nyingine saa nane mchana watoto wanapotoka.

Saa nne omba kuona daftari tatu za darasa la tatu. Angalia kama zimesahihishwa, na kama kosa limeandikiwa jibu au limepigwa mkasi tu. Daftari hazidanganyi. Hesabu watoto kwenye dawati moja. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, na mijini mara nyingi utakuta zaidi. Nilikokwenda Moshi kumsindikiza mdogo wangu tulikuta wanne kwenye dawati la watatu, wa pembeni kaning'iniza mguu mmoja nje, na bado mwalimu wa darasa lile aliwajua wote kwa majina hadi la babu. Kariakoo nzima ya kelele, na watoto wanasoma. Kwingine, darasa lenye nafasi tele, mwalimu yuko kwenye simu.

Ingia chooni. Kweli, ingia. Uliza maji yanatoka wapi na kama mtoto anatakiwa aje na dumu. Uliza kuhusu chakula cha mchana: makande yanapikwa, na ambaye mzazi wake hajachangia naye anapewa? Shule inayomkalisha mtoto pembeni akitazama wenzake wakila inakuonesha itakavyomtendea na katika mengine.

Saa nane simama nje ya geti. Sikiliza wanavyoongea wao kwa wao. Angalia wanavukaje barabara, maana huku kwetu barabara ya kwenda Namanga haina huruma, na kule Moshi wa Kiboriloni na Pasua wana zao. Kwa mtoto wa miaka sita mimi nilichagua shule ya karibu zaidi, si ile yenye ufaulu mkubwa zaidi.

Hatua ya 5: Mwalimu wa nyumbani ni nani, kwa jina?

Pesa nitaipitia haraka. Serikali ilifuta ada ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2016 hadi kidato cha nne. Kinachobaki ni sare, daftari, sweta la Juni, chakula na michango isiyoisha. Nyumbani utalipia vitabu, kuchapisha, bando na mitihani. Lakini gharama kubwa haiandikwi kwenye risiti: ni kipato cha mzazi anayebaki nyumbani.

Sasa andika jina la huyo mzazi. Usiandike "sisi". Baba wengi wanaotetea shule ya nyumbani kwenye mikutano wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Kama jina ni la mama, ahesabu: ana mtoto mchanga? Ana kuku, ana genge, ana mama mkwe mgonjwa hospitali ya KCMC? Na kama unawaza dada wa kazi atasaidia kufundisha, huo mpango umeshakufa, uzike.

Hatua ya 6: Majaribio ya wiki nne

Likizo ya Juni ni zawadi. Fungua shule yako siku ya Jumatatu, ifunge baada ya wiki nne, usikose siku.

Nitakuonesha asubuhi yetu moja. Saa mbili na robo tumeshaomba, mtoto ameshika penseli. Saa mbili na dakika ishirini, muuza maziwa. Saa mbili na nusu, jirani: "Mtoto hajaenda shule, anaumwa?" Saa tatu kasoro, simu ya kikoba. Mdogo kamwaga uji juu ya kijitabu cha hesabu. Saa tatu na nusu nikagundua nimemfundisha dakika kumi na nne, nyingine zote nimesema "ngoja". Wiki ya pili nilizima simu, nikahamishia meza chumbani, na kwenye geti nikaweka kibao cha boksi: TUNASOMA, NJOO SAA TANO. Majirani walinicheka mwezi mzima, halafu wakazoea.

Mwisho wa wiki ya nne jiulize mambo mawili. Siku ngapi kati ya ishirini zilitimia? Na mimi na mwanangu bado tunapendana? Kwetu mwaka wa kwanza siku zilikuwa kumi na moja. Tuliendelea tukidhani zitaongezeka zenyewe.

Hatua ya 7: Ukifundisha nyumbani, kwa saa nyingi au chache

Hata kama mtoto yuko shule ya serikali, utafundisha nyumbani, kwa hiyo usiiruke sehemu hii.

Vipindi viwe vifupi. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye wazazi Wakristo wanaofundisha nyumbani wanampenda mno, alisisitiza vipindi vya robo saa hadi dakika ishirini kwa wadogo, kisha mtoto asimulie kwa maneno yake alichosikia. Nilipolisoma nilitabasamu. Bibi alikuwa akitufanyia hivyo jikoni: anasimulia, ananyamaza, anasema "haya, nirudishie". Mtoto akishindwa kurudisha, hakusikia. Njia hii haina gharama na inafaa kwa hadithi za Biblia, historia, hata sayansi.

Kiswahili sanifu kifundishwe kama somo. Kosa letu kubwa lilikuwa kudhani mtoto anayekiongea anakijua. Mwanangu alipopelekwa shule ya serikali kuingia darasa la tatu, mwalimu alimpa imla ya sentensi tano. Aliandika "nilikua naenda shamban kwa bibi". Kuzidisha alipata zote. Kusoma kwa sauti alijikongoja kama mzee anayeshuka mlima. Wakamweka la pili. Alilia njia nzima, na mimi nililia nikifika.

Vitabu vya kiada huna haja ya kuvitafuta kwa dalali. Taasisi ya Elimu Tanzania inaviweka kwenye Maktaba Mtandao yake, unasoma kwenye simu. Chapisha sura unayoitaka. Maktaba ya mkoa ipo Arusha na ipo Moshi, na kiti chake ni tulivu kuliko sebule yako.

Masomo mengine yako nje ya mlango. Peleka mtoto makumbusho ya Azimio la Arusha, aone palipopitishwa jambo hilo mwaka 1967. Kule Moshi mwoneshe jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na umweleze babu zake waliuzaje kahawa kwa ushirika tangu miaka ya 1930. Sokoni Kilombero au Mbuyuni mpe elfu tano na orodha ya vitu, wewe simama nyuma. Ndiko mwanangu alikopona ugonjwa wa chenji.

Marafiki usiwaachie Jumapili peke yake. Shule ya Jumapili ni saa moja na nusu. Mtoto anahitaji kugombana na mwenzake Jumanne na kupatana naye Jumatano, pasipo mama katikati.

Hatua ya 8: Ukichagua serikali

Jiandikishe na wewe. Nenda mkutano wa kwanza wa wazazi na ukae mbele. Gombea kamati ya shule. Mwalimu wa darasa la kwanza mjue kwa jina, msalimie kwa heshima yake, mpelekee boksi la chaki bila kupiga picha. Mwalimu mwenye watoto tisini anamkumbuka mtoto ambaye mzazi wake anaonekana.

Jioni iwe na ratiba yake. Sisi: saa kumi anakula na kunyamaza, saa kumi na moja kazi za shule, kisha nusu saa ya Kiingereza kwa sauti. Baada ya chakula cha usiku anasimulia siku. Na hapo ndipo dini inapofundishwa kuliko mahali pengine popote. Binti yangu aliporudi na tusi la kwanza alilitamka mezani mbele ya baba yake, kwa sauti safi, akauliza maana yake. Tulimweleza maana. Tukamweleza kwa nini sisi hatulisemi. Siku hiyo ile karatasi yangu ya "matusi na tabia" niliichana.

Usiruke mafundisho ya kanisa kwa kisingizio cha masomo. Walutheri wajipange mapema na darasa la kipaimara lisije likagongana na tyusheni za darasa la mtihani, Wakatoliki vivyo hivyo na komunyo ya kwanza. Sekondari viko vyama vya wanafunzi Wakristo: UKWATA, TYCS na CASFETA. Mwambie mtoto ajiunge wiki ya kwanza, kabla hajapata marafiki wa kumwambia asijiunge.

Hatua ya 9: Acha mlango wa kurudi wazi

Mipango hubadilika. Baba anahamishwa, mama anajifungua, mtoto anachoka. Ukihama kutoka nyumbani kwenda shule, au kutoka shule ya kanisa kwenda serikali, hama Januari. Usihame mwaka wa mtihani, darasa la nne au la mwisho, kwa sababu usajili wa watahiniwa una tarehe zake na haumsubiri mtu. Muhula mzima kabla ya kuhama mpe mtoto imla ya Kiswahili kila siku, na mpeleke akacheze na watoto wa shule hiyo ili siku ya kwanza apate mtu wa kukaa naye.

Tunza faili moja la plastiki. Weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti zote, namba ya PREM iliyoandikwa kwa wino, barua ya uhamisho, na kama ulifundisha nyumbani, daftari moja la kila somo na karatasi ya siku mlizosoma. Shule nyingine itakuambia hayo madaftari hayahesabiki. Yapeleke hivyohivyo, maana mwalimu atakayempima mwanao atayafungua hata kama hayaingii kwenye mfumo. Toa kopi ya kila kitu. Yetu iko Machame, kwenye sanduku la Bibi chini ya vitenge, na imeshatuokoa mara moja mvua za Aprili zilipoingia ndani.